Siku Fupi Kuliko Zote, na Ugumu wa Kuinasa

Ukimpigia simu ndugu yako aliyeko Stockholm tarehe 21 Desemba, saa kumi na moja jioni kwa saa za Dar es Salaam, kwake itakuwa saa tisa alasiri na jua limeshazama. Asubuhi lilichomoza karibu saa tatu kasorobo, likapita chini chini upande wa kusini, likatua kabla ya saa tisa. Mchana wote umekula saa sita na dakika chache. Kesho yake mchana utarefuka, ila kwa sekunde kadhaa tu, na hakuna atakayeuona ukirefuka.

Hiyo ndiyo solistasi ya Desemba, siku yenye mchana mfupi kuliko zote katika nusu ya kaskazini ya dunia. Kila mwaka inapokaribia, simu zetu hujaa maelezo: dunia imefika mbali kabisa na jua, leo ndiyo kilele cha baridi, leo jua linazama mapema kuliko siku nyingine yoyote, Krismasi ni sikukuu ya jua iliyobatizwa. Karibu yote yana kasoro. Nyingi ya kasoro hizo zinatokana na tabia moja ya siku hii: ni ngumu mno kuinasa. Watu walijenga makaburi, minara na kalenda ili waikamate, na bado ikawaponyoka.

Tuanze na umbo la dunia angani, maana bila hilo mengine hayashikiki.

Dunia hulizunguka jua kwa mwaka mmoja huku ikijizungusha kwenye mhimili wake kila siku. Mhimili huo haukusimama wima. Umeinama kwa nyuzi 23.4, na mwaka mzima huelekea upande uleule wa anga, karibu na Nyota ya Kaskazini. Kwa hiyo dunia inapokuwa upande mmoja wa jua, ncha ya kaskazini hulielekea jua. Miezi sita baadaye, ncha hiyohiyo inakuwa imelipa jua kisogo. Solistasi ya Desemba ni wakati ambapo kisogo hicho kimegeuka hadi mwisho wake. Jua la adhuhuri linakuwa utosini mwa watu walio kwenye Tropiki ya Kaprikoni, mstari unaokata Namibia, Botswana, Afrika Kusini, Msumbiji na kusini mwa Madagaska. Huko juu kabisa, ukivuka duara la Aktiki na kuendelea kaskazini, jua halichomozi.

Umbali hauna kazi kubwa hapa. Njia ya dunia kweli si duara kamili, lakini dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, takribani kilomita milioni 147, na hulikimbia zaidi mwanzoni mwa Julai, takribani kilomita milioni 152. Yaani watu wa Toronto wanatetemeka katika majuma yaleyale ambayo jua liko karibu nao kuliko wakati mwingine wote wa mwaka. Kama umbali ndio ungepanga majira, Januari ingekuwa mwezi wa joto kwa dunia nzima, Toronto na Johannesburg kwa pamoja.

Kinachowaletea baridi ni ufupi wa mchana na ulalo wa miale. Adhuhuri ya siku hiyo London, jua hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Miale ikija kwa mshazari namna hiyo, mwanga ambao ungetua kwenye mita moja ya mraba hutawanywa kwenye karibu mita nne za mraba. Dar es Salaam siku hiyohiyo jua liko nyuzi 73, na hakuna mtawanyiko wa kuhesabika. Mtu aliyezoea jua letu akienda Ulaya Desemba hushangaa kuona anga jeupe, jua linawaka, na halimpi joto lolote usoni.

Na bado siku ya mchana mfupi haiwi siku ya baridi kali. Bahari na ardhi zina akiba ya joto la miezi iliyopita, na akiba hiyo huendelea kupungua muda mrefu baada ya jua kuanza kurudi, kwa sababu kinachoingia mchana bado ni kidogo kuliko kinachotoka usiku. Ndiyo maana mahali pengi kaskazini baridi hasa huja Januari na Februari.

Msomaji wa Tanzania asimame hapa kidogo. Nchi yetu nzima iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo solistasi yetu ya majira ya baridi ni ile ya Juni, tarehe 20 au 21. Kipupwe hutukuta Juni na Julai kwa sababu hiyo, na Makete huko watu huamka miezi hiyo wakakuta umande umeganda majanini. Kenya imekatwa na ikweta, kwa hiyo kwa hesabu kali majirani wawili wa Nanyuki wanaweza kuwa na solistasi mbili tofauti za baridi, mmoja Desemba na mwingine Juni. Wala hawatajua, kwani hapo mwaka mzima mchana haubadiliki kwa kiasi cha mtu kugundua. Nairobi tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi ni dakika tisa hivi. Dar es Salaam haifiki saa moja: mchana wa Desemba ni kama saa 12 na dakika 31, wa Juni saa 11 na dakika 43.

Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza na kuanza upya linapozama, inategemea utulivu huo. Ukiipeleka Stockholm inachanganyikiwa: Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa, Juni linachomoza saa tisa na nusu za usiku. Hii ni saa ya watu wa karibu na ikweta.

Lakini kusema kwamba solistasi ya Desemba haituhusu itakuwa kosa kubwa zaidi. Kaskazi inatoka wapi? Mwezi huo bara la Asia limepoa. Hewa yake ni baridi na nzito, inakandamiza chini. Kusini mwa ikweta jua liko karibu na utosi, hewa inapata joto na kupanda, na ile nzito ya Asia inashuka kuja kujaza nafasi. Inavuka bahari ya Uarabuni, mzunguko wa dunia unaipinda, na inatufikia ikitokea kaskazini-mashariki. Upepo huo ndio ulioleta majahazi ya Oman, Hadhramauti, Ghuba na Kachi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Yalikuja na tende na chumvi, yakasubiri jua lirudi kaskazini, Asia ipate joto, upepo ugeuke kuwa kusi, yakaondoka na boriti za mikoko. Mwinamo uleule unaomfungia mtu wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, gizani ndio uliojaza bandari zetu. Mimi naona hiyo ndiyo solistasi ya Waswahili, ingawa hakuna aliyeipigia ngoma kwa jina hilo.

Sasa turudi kwenye ugumu wa kuinasa.

Kuanzia Juni jua hushuka kusini kidogo kidogo. Sehemu linapochomoza husogea kwenye upeo wa macho siku hadi siku. Mwendo huo si sawa mwaka mzima. Mwezi Septemba na Machi, nyakati ambazo mchana na usiku hulingana, jua husogea kila siku kwa robo tatu ya upana wake lenyewe. Mtu mwenye macho mazuri na mlima wa kulinganishia ataona tofauti kwa siku moja. Kadiri Desemba inavyokaribia mwendo unapungua, kama bembea inavyopunguza kasi ikifika juu kabla ya kurudi. Katika siku tano za mwisho kabla ya solistasi, jua husogea kwa kama moja ya sita ya upana wake. Halafu linageuza, kwa uvivu uleule. Macho matupu yanaona jua limesimama juma zima na zaidi.

Sayansi haina shida hiyo tena. Solistasi ni wakati mmoja tu kwa dunia nzima, unaohesabiwa kwa dakika. Mwaka 2026 itakuwa saa tano na dakika hamsini usiku wa tarehe 21 Desemba, saa za Afrika Mashariki. Beijing wakati huo itakuwa alfajiri ya tarehe 22. Na kwa kuwa mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo, wakati huo huchelewa takribani saa sita kila mwaka, kisha mwaka mrefu wa siku 366 unaurudisha nyuma. Kwa hiyo swali la "ni tarehe 21 au 22?" lina majibu mawili sahihi, kutegemea mwaka na mahali ulipo.

Kuna fundo lingine ambalo huwashinda hata watu wa kaskazini wenyewe. London, jua huzama mapema zaidi karibu tarehe 12 Desemba, na huchomoza kwa kuchelewa zaidi mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Siku fupi kuliko zote iko katikati, haina rekodi ya macheo wala ya machweo. Sababu ni saa zetu za ukutani. Saa hizo hudai kwamba kutoka adhuhuri hadi adhuhuri ni saa 24 kamili, lakini jua halifuati agizo hilo. Dunia huenda kasi zaidi inapokuwa karibu na jua, na mwinamo wa mhimili nao huongeza tofauti yake, kwa hiyo mwishoni mwa Desemba siku ya jua huwa ndefu kuliko saa 24 kwa nusu dakika. Adhuhuri huchelewa nusu dakika kila siku, ikichelewesha macheo na machweo pamoja. Katika siku ambazo urefu wa mchana haubadiliki sana, uchelewaji huo ndio unaoshinda.

Mkazi wa Nairobi anaweza kulithibitisha hili bila kwenda popote. Mwanzoni mwa Novemba jua la Nairobi huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika kumi. Katikati ya Februari linachomoza saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nusu saa nzima, katika mji ambao mchana wake hubadilika kwa dakika tisa tu! Watoto wanaosimama gizani Februari wakisubiri basi la shule hawajachelewa wala hawajawahi. Saa na jua ndivyo vilivyoachana.

Waliolitatua tatizo la kuinasa siku yenyewe kwa ustadi wa kunishangaza ni Wachina. Walisimamisha nguzo na kupima kivuli cha adhuhuri. Kivuli kirefu kuliko vyote ndicho cha solistasi ya baridi, lakini kama tulivyoona, siku hizo kivuli hakibadiliki, na ukungu wa kingo zake unazidi tofauti unayoitafuta. Katika karne ya 5, Zu Chongzhi aliacha kuihangaikia siku yenyewe. Alipima vivuli siku nyingi kabla ya solistasi na siku nyingi baada yake, wakati kivuli bado kinabadilika haraka, akatafuta lini vinalingana, kisha akachukua katikati. Hakuhitaji kuiona solistasi. Alihitaji anga safi wiki tatu kabla na wiki tatu baada.

Miaka mia nane baadaye Guo Shoujing, akimtumikia Kublai Khan, mfalme wa Kimongolia aliyetawala China, aliikuza nguzo hiyo. Nguzo ya kawaida ilikuwa ya chi 8 (chi ni futi ya Kichina). Mnara aliousimamisha Gaocheng, jimbo la Henan, uliinua boriti yake chi 40 juu ya ardhi. Kivuli kilianguka kwenye kipimo cha mawe kilicholala chini chenye urefu wa mita 31 hivi, na kifaa chenye tundu dogo kilikaza kingo za kivuli ili zisomeke. Kalenda iliyotoka kwenye kazi hiyo, ya mwaka 1281, ilihesabu mwaka kuwa siku 365.2425. Tarakimu hizo ndizo zilizomo kwenye kalenda iliyoko ukutani kwako, ambayo Ulaya iliipata miaka 300 baadaye. Mnara bado upo.

Wengine walichagua njia ya kutojali siku moja. Huko Ireland, kwenye bonde la mto Boyne, kuna kilima cha mawe na udongo kiitwacho Newgrange, kilichojengwa kama mwaka 3200 kabla ya Kristo, yaani karne kadhaa kabla ya piramidi kuu ya Giza. Ndani yake mna ujia mwembamba wa mita 19 unaoishia kwenye chumba walimowekwa wafu. Juu ya mlango pameachwa tundu. Wenyeji wa pale walikuwa na masimulizi kwamba jua huingia humo, na tarehe 21 Desemba 1967 mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly alikwenda kusubiri gizani. Jua lilipochomoza upande wa pili wa bonde, mwale uliingia kwenye tundu lile na kutambaa sakafuni hadi ndani ya chumba. Mwanga hukaa humo kama dakika 17, na hutokea siku kadhaa mfululizo, kuanzia tarehe 19 hadi 23 hivi. Wajenzi walijua kwamba jua husita, wakalipa tundu lao upana wa kutosha kwa kusita huko. Leo mwale huingia dakika chache baada ya macheo badala ya pale pale, kwa sababu mwinamo wa dunia umepungua kwa karibu nusu ya uzi tangu wakati huo. Watu wanaotaka kuwamo chumbani asubuhi hizo ni wengi mno, kwa hiyo huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kisha mawingu ya Ireland yanaweza kuziba kila kitu.

Stonehenge, duara la mawe ya kale kule Uingereza, inajulikana zaidi kwa umati wa Juni. Mawe yake makubwa yamepangwa kwenye mstari mmoja unaounganisha macheo ya Juni upande mmoja na machweo ya Desemba upande wa pili, kwa hiyo mawe yenyewe hayasemi ni upande upi ulikuwa na uzito. Jibu limetoka jalalani. Kwenye kijiji cha Durrington Walls kilicho karibu, mifupa na meno ya nguruwe waliochinjwa yanaonyesha wengi walikufa wakiwa na umri wa takribani miezi tisa, na nguruwe aliyezaliwa majira ya kuchipua hufikisha miezi tisa katikati ya majira ya baridi. Karamu ilikuwa Desemba. Wanaoshangilia hapo Juni huenda wanaangalia upande usio wao. Hekalu la Karnak huko Luxor, Misri, nalo limeelekezwa kwenye macheo ya solistasi ya Desemba, na kila mwaka watu hujipanga kulitazama jua likichomoza kwenye mstari wa malango yake.

Kalenda zina kisa chao, na humu ndimo ilimo Krismasi.

Kalenda aliyoianzisha Julius Caesar mwaka 45 kabla ya Kristo iliiweka solistasi ya baridi tarehe 25 Desemba. Warumi walikuwa na Saturnalia kuanzia tarehe 17, siku za kula, kupeana zawadi na watumwa kuhudumiwa mezani na mabwana zao. Mwaka 274 Kaisari Aurelian aliliwekea wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa. Kisha andiko moja la Roma la mwaka 354 linataja tarehe 25 Desemba mara mbili: sehemu moja kama siku ya kuzaliwa kwa Lisiloshindwa, sehemu nyingine kama siku ya kuzaliwa Kristo huko Bethlehemu. Kutoka hapo watu wengi hukata shauri kwamba Kanisa liliichukua sikukuu ya jua. Inawezekana. Lakini kuna maelezo mengine ambayo wasomi huyachukulia kwa uzito uleule: Wakristo wa mwanzo walishaamini kwamba Yesu alitungwa mimba tarehe 25 Machi, siku ileile waliyoihesabu kuwa ya kifo chake, na ukiongeza miezi tisa unafika 25 Desemba bila kumuuliza Aurelian. Ushahidi uliopo hautoshi kufunga kesi. Anayekwambia kwamba jambo hili limekwisha kuthibitishwa, upande wowote, anakuuzia uhakika asiokuwa nao.

Mbona basi Krismasi leo haiko juu ya solistasi? Mwaka wa Caesar ulikuwa mrefu kupita kiasi kwa dakika 11. Kila miaka 128 kalenda ilikosea kwa siku moja, na solistasi ikawa inarudi nyuma kwenye tarehe: 25, 24, 22, ikaendelea. Karne ya 14 ilikuwa imefika tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lusia. Wasweden hadi leo humtanguliza msichana mwenye mishumaa kichwani asubuhi ya tarehe hiyo, na usiku wa Lusia katika masimulizi yao ndio mrefu kuliko zote. Haukuwa uongo. Ulikuwa kweli enzi hizo. Kalenda ndiyo iliyohama. Papa Gregori wa 13 alipoirekebisha mwaka 1582, alifuta siku kumi: Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15. Lakini alirudisha mambo yalivyokuwa wakati wa Mtaguso wa Nikea mwaka 325, kwa ajili ya hesabu ya Pasaka. Hakurudi hadi kwa Caesar. Tofauti ya kati ya Caesar na Nikea ndiyo inayoiacha solistasi kwenye tarehe 21 na Krismasi kwenye 25. Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao miaka yao mirefu hufuata utaratibu wa kale wa kila mwaka wa nne, huadhimisha Genna, yaani Krismasi yao, tarehe 7 Januari.

Nasi pwani tuna kalenda ya jua iliyohama zaidi ya zote. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, nao ulitumiwa na mabaharia na wakulima. Chimbuko lake ni Uajemi, ambako Nouruzi iko palepale kwenye sikusare ya Machi, mchana na usiku vinapolingana. Wetu hauna siku ya nyongeza ya mwaka mrefu, kwa hiyo umekuwa ukiteleza robo siku kila mwaka, na leo Mwaka Kogwa wa Makunduchi uko Julai. Hauhusiani tena na pembe yoyote ya jua, na wanaopigana kwa migomba hawaonekani kusikitika.

Waajemi wenyewe wana usiku wa solistasi, Yalda. Ukoo hukusanyika kwa wazee, hukesha wakila makomamanga, matikiti na lozi, na mtu hufungua diwani ya mshairi wao Hafez popote ili kusoma bahati yake. UNESCO iliuorodhesha kama urithi wa Iran na Afghanistan mwaka 2022. China ni Dongzhi: maandazi ya nyama ya kuchemsha kaskazini, vidonge vya unga wa mchele kwenye mchuzi mtamu kusini. Enzi za Ming na Qing mfalme mwenyewe alitoa sadaka siku hiyo kwenye Madhabahu ya Mbingu, Beijing. Ninachokipenda zaidi ni mchoro wa ua lenye petali 81 ulioning'inizwa ukutani. Kuanzia siku ya solistasi mtu hupaka rangi petali moja kwa siku, mara tisa tisa, na ua likijaa rangi, baridi imekwisha. Hesabu hiyo inakubali wazi kwamba solistasi ni mwanzo wa baridi, mwisho wake uko mbali.

Kusini, Inti Raymi ya Cusco nchini Peru huchezwa tarehe 24 Juni. Ilikuwa sikukuu kuu ya Inka, Wahispania wakaipiga marufuku, na ikafufuliwa mwaka 1944. Nayo haiko kwenye solistasi kamili. Tarehe 24 ni ya Mtakatifu Yohane. Vituo vya utafiti vya Antaktika hufanya karamu Juni 21 na kutumiana salamu kituo kwa kituo, katikati ya usiku wa miezi. Tromsø, Norway, ambako jua hupotea mwishoni mwa Novemba, hawaisherehekei sana siku yenyewe. Wao husubiri jua lionekane tena juu ya milima, karibu tarehe 21 Januari, na siku hiyo watoto shuleni na wakubwa kazini hula maandazi ya jua.

Waswahili waliohamia kaskazini wana mambo yao. Muislamu wa London siku hiyo husali Adhuhuri saa sita na dakika chache, Alasiri kabla ya saa nane, Magharibi kabla ya saa kumi. Aliye kazini anazipata sala tatu ndani ya zamu moja. Wenye deni la Ramadhani hulipa Desemba, na nani atawalaumu, mfungo wenyewe hauzidi muda wa saa kumi. Jambo moja si la mzaha: nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi Machi jua halina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini D. Mamlaka za afya huko hushauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima.

Anayetaka kuiona solistasi akiwa Dar es Salaam hahitaji zaidi ya fimbo ya mita moja iliyosimama wima uwanjani. Adhuhuri ya jua mwezi Desemba iko kama saa sita na dakika ishirini. Tarehe 21 Desemba kivuli kitakuwa cha sentimita 30, kikielekea kaskazini. Tarehe 21 Juni kitakuwa cha sentimita 58, kikielekea kusini. Mapema Machi na karibu tarehe 10 Oktoba kitapotea kabisa. Ukikosa kupima tarehe 21 yenyewe usijali, pima hata tarehe 17 au 25: tofauti haifiki milimita mbili.